Geti la shamba linalojifunga lenyewe gari likishapita

Ami yangu ana shamba upande wa Kakuyuni, karibu na Malindi: mahindi, mihogo na miembe. Msimu wa maembe, pikapu na tuktuk za wanunuzi huanza kuingia alfajiri, na kila dereva ana haraka zake. Kushuka kufungua geti anashuka, maana hana budi. Kushuka tena kulifunga ndiko kunakomshinda. Asubuhi moja ami alinipigia kabla sijanywa chai: "Mwanangu, ng'ombe wa watu wamelala ndani ya mahindi yangu." Nilipofika, mistari iliyo karibu na barabara ilikuwa mabua matupu, na geti liko wazi vilevile lilivyoachwa jana yake.

Geti ninaloeleza hapa ndilo nililomtengenezea. Lina futi 12, yaani mita 3.6 na kidogo. Dereva halishukii, analisukuma taratibu kwa bampa, anapita, nalo linarudi na kujikomea. Linafunguka pande zote mbili, kwa anayeingia na anayetoka. Halina umeme wala springi. Kinacholirudisha ni uzito wake.

Springi siitaki kabisa kwa kazi hii. Hewa ya huku ina chumvi, na springi ni chuma chembamba kinachokunjwa kila siku. Rangi haikai juu yake, kutu inaingia, siku moja inakatika gari likiwa katikati. Kamba yenye jiwe la kuvuta inafaa kijigeti cha kupita watu. Kwenye geti la gari jiwe linayumba na kamba inaisha kwa jua. Na usifunike geti kwa mabati. Kusi likishika kasi, geti la mabati ni tanga la jahazi, na hakuna uzito utakaolirudisha.

Hatua ya 1: Nguzo

Bomba la chuma la inchi 4, shimo la futi 3, zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto). Simamisha kwa timazi pande mbili. Acha siku saba kabla ya kutundika chochote.

Nguzo ya mvinje ni rahisi, lakini mchwa wanaanza nayo chini usikokuona. Na zege usilikoroge kwa maji ya kisima cha chumvi, kwani chumvi hiyo itakula chuma kikiwa ndani ya zege. Nunua mitungi michache ya maji yasiyo na chumvi.

Hatua ya 2: Fremu

Bomba la inchi moja na nusu: fito tano za kulala, tatu za kusimama, na moja ya mshazari inayoanzia chini upande wa nguzo kupanda hadi juu kwenye ncha. La kwetu lilifika kilo 50 hivi. Fundi yeyote wa kuchomelea anaijua kazi hii.

Hatua ya 3: Bawaba

Hapa ndipo nilipopoteza siku nne, kwa hiyo soma polepole.

Geti la kawaida lina bawaba mbili zilizo kwenye mstari mmoja wima. Ukilifungua halipandi wala halishuki, linabaki ulipoliacha. Sisi tunataka lipande kila linapofunguliwa, ili lipate hamu ya kushuka tena. Kwa hiyo juu tunaweka pini moja, na chini tunaweka pini mbili, moja upande wa barabara na nyingine upande wa shamba, zikiwa sawasawa kushoto na kulia kwa mstari wa timazi unaoshuka kutoka pini ya juu.

Kwenye geti, chini, unachomelea uma: bapa la chuma lenye midomo miwili inayokumbatia zile pini mbili. Geti likiwa limefungwa, midomo yote miwili imekaa kwenye pini zake. Ukilisukuma kwenda shambani, linazungukia pini ya upande wa shamba, na mdomo wa pili unaachana na pini yake. Sasa geti linazunguka kwenye mstari ulioinama, na ncha inapanda. Ukiliachia, linateremka hadi midomo yote miwili ikae tena. Ukilisukuma kwenda barabarani, mambo ni yaleyale kwa pini ya pili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kipimo. Kutoka katikati hadi kila pini niliweka sentimita 4, na kutoka bawaba ya chini hadi ya juu ni mita 1. Kwenye karakana geti lilijirudi vizuri, nikafurahi. Kule shambani, upepo wa mchana ulilishika likiwa nusu wazi, nalo likasimama palepale kama limefungwa kamba.

Nikaenda kuazima mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Nikaifunga kwenye ncha, nikaliacha geti livute. Mshale ulisimama karibu na kilo 1. Kilo moja kwenye ncha ya geti la mita 3.6 haishindani na upepo, na haishindani na uma uliojaa mchanga.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua nusu ya uzito wa geti, zidisha kwa umbali wa pini kutoka katikati, gawanya kwa urefu ulio kati ya bawaba ya juu na ya chini. Kilo 25, mara sentimita 4, gawanya kwa 100: kilo 1. Nilipopeleka pini hadi sentimita 8 kila upande, mizani ikasoma 2, na geti likawa linarudi hata upepo ukilipinga. Ukiweka bawaba zako karibu zaidi, nguvu inaongezeka, lakini pini ya juu nayo inavutwa zaidi. Mimi ningebaki kwenye mita moja.

Zingatia kwamba nguvu hiyo ni ya mwanzo, geti likiwa karibu na kufungwa. Kadiri linavyofunguka inapungua. Likifika pembe ya digrii 60 imebaki nusu. Likifika 90 imekwisha kabisa, na likipita hapo linaangukia upande wa pili na kubaki wazi. Hili ndilo lililotupata mara ya pili: dereva wa kanta, lori dogo, alilisukuma kwa nguvu, likapita digrii 90, likakaa wazi usiku kucha. Dawa yake iko hatua ya 4.

Ncha nayo inapanda. Kwa vipimo vyangu inainuka sentimita 28 hivi geti likiwa wazi kabisa. Hiyo ni faida ikiwa ardhi yako ina kilima kidogo, lakini hakikisha hakuna tawi la mwembe linaloning'inia juu yake.

Mambo mengine ya bawaba niliyojifunza kwa kubomoa na kuchomelea upya:

Bawaba ya juu isibane. Geti linapozungukia pini ya chini ya upande mmoja, linainama kidogo, na bawaba ya juu lazima iruhusu kuinama huko. Bawaba za dukani zilizokaza hukwama au huvunja mshono wa kuchomelea. Mimi nilisimamisha pini ya milimita 16 kwenye mkono uliochomelewa nguzoni, nikavika juu yake pete yenye shimo la milimita 25 iliyo kwenye geti, na washa nene (kisahani cha chuma chenye tundu) chini ya pete. Uzito wote unaning'inia hapo juu. Kazi ya uma wa chini ni kusukuma tu kwenye pini zake.

Pini ya juu iwe katikati hasa ya pini mbili za chini. Ikihama sentimita moja kwenda upande wa barabara au wa shamba, geti litarudi kwa nguvu kutoka upande mmoja na kwa uvivu kutoka upande mwingine. Usipime kwa macho. Funga uzi wa timazi kwenye pini ya juu, weka alama chini, ndipo uchomelee pini za chini. Kwanza zishike kwa nukta mbili tu, tundika geti, jaribu pande zote, kisha umalizie mshono.

Midomo ya uma iwe na kina cha sentimita 3 na itanuke kidogo mlangoni, ili geti likirudi pini zijitafutie njia. Kwa kuwa uma haujafungwa na chochote, ng'ombe akiinua geti kwa kichwa anaweza kuung'oa. Tia mnyororo mfupi kutoka katikati ya uma hadi nguzoni, uwe na ulegevu wa sentimita 10. Ukiukaza zaidi ya hapo, utazuia uma kuachana na pini na geti halitafunguka.

Hatua ya 4: Vizuizi

Chimbia kigogo kifupi kila upande, ndani na nje, geti ligote hapo kabla ya kufika 90. Mwanzoni niliweka kwenye digrii 85 kwa tamaa ya nafasi. Hapo nguvu ya kurudi ni ndogo mno. Sasa naweka 75. Kwa geti la mita 3.6, nafasi inayobaki kati ya ncha na nguzo ya pili ni zaidi ya mita 2 na nusu, na pikapu inapita bila shida. Ikiwa lori litaingia shambani kwako, tengeneza geti la futi 14 badala ya kusogeza vizuizi. Vika kila kigogo kipande cha tairi kuukuu.

Hatua ya 5: Ubao wa bampa na komeo

Kilo 2 zinalirudisha geti, lakini hazimzuii ng'ombe aliyeona mahindi. Lazima pawe na komeo, na lazima bampa yenyewe ilifungue.

Komeo letu ni ulimi wa bapa la chuma, umefungwa kwa bolti moja kwenye ncha ya geti, unainuka na kuanguka kwa uzito wake. Kwenye nguzo ya pili kuna kipande cha chuma chenye mteremko pande zote mbili na mfereji katikati. Geti likirudi, ulimi unapanda mteremko na kutumbukia mferejini. Fanya mteremko uwe mrefu na laini, uusugue kwa grainda na uupake grisi. Ukiwa wima sana, geti litasimama mlangoni bila kukomea.

Kila uso wa geti una ubao wenye urefu wa mita moja na ziada, kuanzia kwenye ncha, ulioning'inizwa kwa bawaba juu yake, sehemu ya chini ikiwa imesimama mbali na geti kwa upana wa kiganja. Ubao ushuke usawa wa bampa: wetu unaanzia sentimita 70 kutoka ardhini hadi 40, na pikapu na Probox zote zinaupata. Nyuma ya kila ubao imefungwa kebo ya klachi ya pikipiki inayokwenda kwenye ulimi. Bampa ikigusa, ubao unaingia ndani, kebo inavutwa, ulimi unainuka, geti linaanza kwenda. Nilijaribu waya wa kawaida kwanza. Unapinda na kubaki umepinda. Nunua kebo yenye ala yake, uidondoshee mafuta kabla ya kuifunga.

Mbao zivike raba ya tairi. Kwenye ncha ya geti, fito ya kusimama iingize ndani ya bomba la plastiki la inchi 3 linalozunguka bure. Hilo ndilo litakalobingirika ubavuni mwa gari badala ya chuma kukwaruza rangi, na linauweka ulimi mbali na mlango wa gari.

Hatua ya 6: Rangi

Rangi ya msingi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha nyeupe. Utepe wa kung'aa kwenye mbao kwa ajili ya usiku.

Namna ya kupita

Mfundishe kila dereva, na umwandikie kibao. Mwendo wa mtu anayetembea. Gusa ubao karibu na ncha, mbali na nguzo yenye bawaba, kwani hapo geti ni jepesi. Kunja kioo cha upande wa bawaba. Ukianza kusukuma usisimame katikati, endelea hadi sehemu ya nyuma ya gari ipite ncha.

Bodaboda isipite hapa. Geti linalorudi linampata abiria gotini. Wao na waendao kwa miguu tuliwawekea kipito cha pembeni chenye kona, ambacho mtu anapinda akapita na ng'ombe hawezi. Watoto nao wasipande kwenye fito kubembea. Hilo nililisema mbele ya wote nyumbani kwa ami, na shangazi akalisimamia.

Kila mwezi futa mchanga kwenye midomo ya uma, tia grisi pini tatu, kisha funga mizani kwenye ncha. Ikisoma chini ya kilo moja na nusu, kuna kitu kinabana. Mara nyingi ni pete ya juu. Mwezi uliopita ya ami ilisoma moja na robo, nikavua pete nikakuta nyigu wamejenga kiota cha udongo ndani ya lile shimo la milimita 25.