Kabla hujalipia TV, nenda dukani na flashi yako

"Sauti inatoka, picha hakuna." Hayo ndiyo maneno ninayoyasikia zaidi kibandani kwangu hapa Tanga. Jumamosi iliyopita mama mmoja aliniletea TV ya inchi 43 ambayo haijamaliza hata miaka miwili. Nilizima taa ya kibanda, nikawasha TV, nikamulika kioo kwa karibu na tochi ya simu. Akaona mwenyewe: mtangazaji yupo, midomo inacheza, ila yuko gizani kama kivuli. Picha ilikuwa nzima. Zilizokufa ni taa za nyuma ya kioo.

Ukizielewa taa hizo, umeelewa nusu ya maneno ya kwenye boksi. TV iliyoandikwa LED ni kioo cha LCD, yaani kioo kinachochora picha lakini hakina mwanga wake, kinachomulikwa kwa nyuma na taa ndogondogo za LED. QLED ni hivyohivyo, imeongezewa utando wa kukoza rangi. OLED ndiyo kitu kingine kabisa: kila nukta ya picha (pikseli) inawaka na kuzima yenyewe, ndiyo maana nyeusi yake ni nyeusi kweli. Muuzaji akikwambia QLED na OLED ni mamoja, usikubali. Ila OLED ni ghali, na kwa nyumba inayofungulia chaneli moja ya habari kutwa nzima siishauri, maana nembo ya kituo ikikaa palepale miezi na miezi inaweza kuacha alama isiyofutika.

4K ni nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD. Ni nzuri, lakini uliza kwanza nyumbani mnatazama nini. Chaneli ya kawaida ya king'amuzi ikinyooshwa kwenye kioo cha inchi 65, ukungu wake nao unakua. Kwa chumba kidogo, inchi 32 au 43 inatosha. Na inchi hupimwa kutoka kona hadi kona: TV ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi, basi pima kabati lako kabla hujatoka.

Alama ya T2 maana yake TV inapokea antena ya kidijitali bila king'amuzi, na S2 ni ya dishi. Chaneli zilizofungwa bado zitakudai king'amuzi na malipo yake.

Kuhusu smart, yaani TV inayoingia intaneti, usiridhike na neno "Android" kwenye boksi. Washa hotspoti ya simu yako, mwambie muuzaji afungue YouTube na Netflix hapohapo. Zipo TV zenye Android isiyoidhinishwa, na humo Netflix inagoma. Kumbuka na bando: Netflix ya HD inaweza kula GB 3 kwa saa, ya 4K hadi GB 7.

Sasa flashi. Weka humo picha nyeupe tupu, picha nyeusi tupu, na kipande cha video ya mechi ya mpira. Kwenye nyeupe tafuta nukta nyeusi na madoa. Kwenye nyeusi, tazama kama mwanga unavuja pembeni. Kwenye mpira, fuata mpira wenyewe uone kama unaacha mkia. Mwombe muuzaji aitoe TV kwenye hali ya dukani, ile inayopandisha mwangaza na rangi hadi mwisho ili mteja avutiwe.

Mwangaza huo wa mwisho ndio unaoua taa. Ile TV ya yule mama nilibadilisha mistari yote ya taa, si ule ulioungua tu, kisha nikaingia kwenye menyu. Backlight, yaani mwangaza wa taa za nyuma, ilikuwa 100. Nikaishusha hadi 55.

"Mwanangu, mbona imefifia?"

Nikashusha pazia la kibanda, jua lisipige kwenye kioo. Akatazama tena kidogo, akafungua kibindo anilipe.