Jinsi ya kupinda maandishi ya stika ya daladala kwa Inkscape

Kazi ya stika ya kioo cha mbele ikija, yale maandishi ya upinde juu ya dereva, wengi wanakimbilia kuyapinda moja kwa moja halafu wanashangaa mbona neno limelegea. Kupinda kunakuja mwishoni jamani. Tuchukue SUBIRA YAVUTA HERI, na tutumie Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, maana ni ya bure.

Hatua ya 1: pima kioo chenyewe kwa futi, kisha Shift+Ctrl+D uweke ukurasa kwa vipimo hivyohivyo.

Hatua ya 2: bonyeza T, andika kwa herufi kubwa, halafu Shift+Ctrl+T uchague fonti. Chukua nene isiyo na mikia, gari linapita mbio na abiria wa kituoni anasoma kwa mbali.

Hatua ya 3, na hapa ndo kazi ilipo. Angalia YAVUTA, Y na A, A na V, T na A, zote zinaacha pengo kubwa katikati wakati U na T zimebanana, kwa hiyo neno linasomeka kama vipande vipande. Weka kursa kati ya A na V, shika Alt ubonyeze mshale wa kushoto taratibu mpaka pengo lipungue, kila mbonyezo ni pikseli moja ya skrini so ukizumu karibu kila mbonyezo unasogeza umbali mdogo zaidi. Pita kila jozi hivyo, kisha rudi mbali, finya macho uangalie neno zima, weusi ukiwa sawasawa basi imekaa. Usiharakishe hapa, ukishapinda kurekebisha ni tabu.

Hatua ya 4: Ctrl+D upate kopi, iweke pembeni. Mteja anaweza kurudi jioni akasema anataka KHERI, na maandishi yakishageuzwa mchoro hayaandikiki tena.

Hatua ya 5: Shift+Ctrl+C yawe mchoro, usitenganishe herufi. Fungua menyu ya Path, Path Effects, chagua Bend, bonyeza kipenseli, ushike katikati ya mstari wa kijani uvute juu. Kidogo tu, ukizidisha S ya mwanzo na I ya mwisho zinalala. Mimi kwa kioo napenda zaidi Envelope Deformation, unapinda upande wa juu peke yake, chini panabaki pamenyooka, herufi zinasimama wima na za katikati zinarefuka, inasomeka vizuri sana.

Kama ni nembo ya duara ya timu, selekti maandishi ambayo hayajageuzwa mchoro pamoja na duara, nenda Text, Put on Path. Ukizungusha duara maandishi yanazunguka nalo. Usilifute, yatanyooka tena, we liondolee rangi tu.

Hatua ya 6: Shift+Ctrl+C tena, Shift+Ctrl+G kutenganisha, kisha Ctrl++ kuunganisha. Hii usiiruke, kisu cha plota, ile mashine ya kukata stika, kinafuata mzingo wa kila herufi, kama A na V zimepandana kitapita katikati ya maungio na kipande kitabanduka kioo kikioshwa. Hakikisha kwa View, Display Mode, Outline: ukiacha matundu ya B, R na A, mstari wowote unaokatiza ndani ya herufi ni sehemu kisu kitapita. Ukiuona, rudia kuunganisha kabla hujapeleka faili kwa mwenye plota.