Laini mbili za intaneti, njia moja: namna ya kukagua kabla hujalipa

Ofisi nyingi za Mtwara na Lindi, kuanzia maghala ya korosho hadi nyumba za wageni, siku hizi hulipia intaneti kwa kampuni mbili ili moja ikizima nyingine ishike. Tatizo ni kwamba kampuni mbili si lazima ziwe njia mbili.

Mwaka 2005 upekee wa TTCL, kampuni ya simu za mezani, ulifikia kikomo na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ikaleta mfumo wa leseni unganishi: anayejenga miundombinu ana leseni yake, anayeendesha mtandao ana yake, anayeuza huduma ana yake. Ndiyo maana kampuni inaweza kukuuzia intaneti bila kumiliki hata nguzo moja. Mfumo huo umefungua ushindani wa bei, lakini huku chini washindani wawili wanaweza kukodi mnara uleule na Mkongo wa Taifa (nyaya kuu za faiba zinazounganisha mikoa) uleule hadi Dar es Salaam. Ni kama barabara ya Kusini ilipokatika Somanga mwaka 2024: mabasi ya kampuni zote yalikwama.

Anza na maswali, kwa maandishi. Leseni yako ni ya aina gani? Mnara au faiba inayonifikia ni ya nani? Kutoka hapa hadi Dar es Salaam unakodi njia ya nani? Wauzaji wengi hulikwepa swali la tatu. Omba lipelekwe kwa fundi wa mtandao. Anayegawa Wi-Fi ya vocha mtaani naye mwombe leseni, usione haya.

Halafu nenda ukaone mnara. Kibao kwenye uzio hutaja mwenye mnara, na mara nyingi si kampuni iliyokuuzia laini. Namba ya seli (sehemu ya mnara inayokuhudumia) inayoonekana kwenye simu haitakusaidia hapa, kwa sababu kila kampuni ina namba zake hata zikiwa kwenye mnara mmoja.

Amri ya "tracert", inayoandikwa kwenye kompyuta kufuatilia njia ya data, nayo ina mipaka. Huonyesha ruta zinazopitisha data, haionyeshi faiba iliyo chini yake. Kipimo cha kuaminika ni kumbukumbu. Kwa wiki mbili, kila dakika, piga "ping" (ujumbe mfupi wa kupima kama upande wa pili unajibu) kupitia kila laini kwenda sehemu mbili: seva iliyoko Dar es Salaam na nyingine iliyoko nje ya nchi. Andika pia saa umeme unapokatika. Kisha soma hivi:

- Zote mbili zimekufa saa chache baada ya umeme kukatika: betri za mnara zimekwisha, na pengine mnara ni mmoja.
- Zote zimekufa dakika ileile, umeme upo na alama za mtandao zimejaa: pengine zinapita mkongo mmoja.
- Dar inajibu, nje haijibu: pengine tatizo liko baharini, kama Mei 2024 kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika. Hapo kubadili kampuni ya mtaani mara nyingi hakukusaidii kitu.

Angalia na muda wa majibu. Mwanga ndani ya faiba huenda kilomita 200 kwa takribani milisekunde 1, kwa hiyo Mtwara hadi Dar, kwenda na kurudi, milisekunde 10 hadi 30 ni kawaida. Ukiona 600, laini hiyo inapita setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu. Kwa barua pepe inafaa, kwa simu ni mateso.

Ukishapata njia mbili za kweli, kosa linaloharibu kazi huwa kwenye ruta. Wengi huiacha ikague lango la kampuni tu, yaani kifaa chake cha kwanza upande wa pili wa laini. Mkongo ukikatika, lango lililo hapa mjini bado linajibu, ruta inaamini mambo ni shwari, na laini ya pili haishiki. Iambie ikague anwani iliyo mbali, kila sekunde 10, na ihame baada ya majibu 3 kukosekana.

Kama simu za ofisi zinapita intaneti, tenga kilobiti 90 kwa sekunde kwa kila simu, kila upande, ukitumia kodeki (mfumo wa kugeuza sauti kuwa data) ya G.711. Simu 5 kwa wakati mmoja ni 450, na kinachobana kwa kawaida ni upande wa kupakia. Zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadili data za simu. Ndiyo mara nyingi huleta simu za kusikika upande mmoja. Muda wa simu kujisajili upya kwenye seva yake ushushe kutoka sekunde 3600 hadi 120, la sivyo laini ikihama simu zinaweza kukaa kimya hadi saa nzima. Namba ya mezani ya 023 usiiage haraka: kuhama mtandao bila kubadili namba, kulikoanza 2017, ni kwa namba za simu za mkononi, si za mezani.

Vifaa vya nje karibu na bahari huliwa na chumvi. Viungio vya RJ45 (vya kebo ya mtandao) vivishwe kofia, vielekee chini, na kebo ipinde kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke.

Ukidanganywa kuhusu njia, lalamika kwanza kwa kampuni na utunze namba ya lalamiko. Wasipolimaliza, peleka TCRA pamoja na ile kumbukumbu ya wiki mbili. Usiporidhika na uamuzi wa TCRA, rufaa huenda Baraza la Ushindani.