Kufufua Fikasi ya Chunguni Iliyoungua na Jua la Kaskazi

Fikasi ya barazani, ule mti wa mapambo wa jamii ya mkuyu, ikipukutisha majani Januari au Februari, usiing'oe bado. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani na utomvu mweupe ukatoka, tawi lingali hai. Pakiwa kahawia na pakavu, jaribu chini zaidi, kuelekea shinani.

Kosa kubwa huwa kwenye maji. Udongo uliokauka sana husinyaa na kuachana na chungu. Ukimwagilia, maji hupita pembeni na kutokea chini upesi, ukadhani mti umeshiba kumbe mizizi ya katikati ni mikavu. Tumbukiza chungu kwenye beseni, maji yafike theluthi mbili ya kimo chake, kwa dakika 30 hivi, hadi mapovu yakome. Kisha kitoe kichuruzike kabisa. Kukiacha kwenye sahani yenye maji ni kuozesha mizizi.

Kiweke penye mwanga, ila jua la saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni lisikifikie, na usikihamishehamishe: fikasi hupukutika hata kwa kuhamishwa tu. Chungu cheusi cha plastiki kitie ndani ya kingine kikubwa, ujaze makumbi ya nazi katikati. Baadaye mwagilia pale tu sentimita 3 za juu zinapokauka. Mti usio na majani hunywa kidogo.

Mbolea acha, hata samadi. Chumvi zake huunguza mizizi iliyodhoofika. Kubadilisha chungu nako kungoje. Machipukizi yakishatoka, na huweza kuchukua wiki kadhaa, ndipo ukate matawi yaliyokufa.