Jinsi ya kutumia "-a kisimulizi" unapoandika kuhusu ushahidi

Ushahidi wa kisimulizi hutokana na kisa cha mtu mmoja au wachache, si vipimo wala hesabu ya watu wengi. Mfano: "Jirani alikunywa maji ya mwarobaini, kesho yake homa ikaisha." Kisa chenyewe kinaweza kuwa kweli tupu. Tusichokijua ni kama homa ilipimwa ikaonekana ni malaria, kama alimeza pia dawa mseto, na ni wangapi walikunywa wasipone. Hao wa mwisho ndio husahaulika zaidi, maana asiyepona hana kisa cha kusambaza.

Kwa hiyo usiliandike neno "kisimulizi" kwa maana ya "uongo" au "uvumi". Ni kumkosea msimulizi, tena aliyeona kwa macho yake. Visa vichache vinavyofanana vinaweza kuwa dalili ya kwanza ya madhara ya dawa, na vinastahili kuchunguzwa.

Upatanisho hufuata ngeli: ushahidi wa kisimulizi, taarifa za kisimulizi, maelezo ya kisimulizi. "Ushahidi ya" ni kosa.

Chagua kitenzi kwa uangalifu. Ushahidi huu hudokeza au huashiria. Ukiandika "unathibitisha", umeubebesha usichoweza. Taja pia idadi: "Wagonjwa 3 walieleza kuwa…" ni bora kuliko "watu wengi wanasema".

Kwenye fasihi maana ni nyingine. "Mbinu ya kisimulizi" ni namna hadithi inavyosimuliwa, na haigusi kabisa suala la uthibitisho.