Somo: Tangi la kwanza la kufugia samaki wa maji ya bahari, kwa sisi wa Mtwara

Wengi walioomba somo hili walianza na maneno yaleyale: "Sisi bahari iko hapo chini, kuna kazi gani?" Na mimi nilianza hivyohivyo, nikaua. Uchafu wa samaki mmoja baharini hauonekani, lakini ndani ya lita 150 sebuleni hauna pa kujificha.

Hatua ya 1: Tangi na meza

Langu nilikatiwa na fundi vioo wa mjini: sentimita 90 kwa 45 kwa 45, kioo cha milimita 10. Mwambie fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha uiache ikauke wiki nzima. Lijaze maji ya bomba, uliweke uani siku mbili. Likivuja, livujie uani.

Hesabu yake ni lita 182 likiwa tupu. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yanabaki kama lita 150. Ongeza uzito wa kioo na mawe yenyewe, unapita kilo 200. Meza ya televisheni haifai. Nenda kwa seremala, na usawa upimwe kwa pima maji, si kwa jicho.

Hatua ya 2: Mawe na mchanga

Usiende kuvunja tumbawe hai. Ukiwa upande wa Msimbati ujue uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na huko huchukui kitu bila kibali. Hata nje ya hifadhi, muone afisa uvuvi kabla hujatoa chochote chenye uhai.

Mimi nilitumia mawe makavu ya tumbawe la kale, yale yanayochimbwa nchi kavu, ndugu wa mawe yaliyojengea majumba ya zamani ya Mikindani. Yana vitundu vingi, na humo ndimo bakteria wako watakamoishi. Yasugue kwa brashi bila sabuni, yaloweke wiki mbili huku ukibadilisha maji. Kama huna uhakika na jiwe au mchanga, dondoshea siki. Likitoa povu ni chokaa, linafaa. Likikaa kimya, liache. Kilo 15 za mawe zinatosha kuanzia, na yapange yasimame imara kabla hujamwaga mchanga.

Hatua ya 3: Maji

Chota bamvua, maji yakiwa yamejaa, kiangazi, mbali na mitaro na midomo ya mito. Madumu manane ya lita 20, mapya au yaliyobeba maji tu. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa haliponi hata ulioshe mwezi mzima. Chuja kwa kitambaa safi, funika, weka gizani wiki moja huku pampu ya hewa inapiga mapovu. Vijidudu vilivyomo vitakufa na kuzama. Mimina maji ya juu, tope liache chini ya dumu.

Pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji: unataka 1.025 hadi 1.026, yaani karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Hiki ndicho kifaa ambacho usikifanyie ubahili.

Hatua ya 4: Mkondo na joto

Wenzetu wa nchi za baridi wananunua hita. Sisi shida yetu ni kinyume chake. Maji yakae nyuzi 25 hadi 27, na ikifika Desemba chumba chenyewe kinapita hapo. Acha tangi wazi juu, elekeza feni ndogo ipulize usoni mwa maji. Itashusha nyuzi mbili au tatu. Pampu ya mkondo iwe inasukuma kwa saa angalau mara kumi ya maji uliyonayo. Nunua pia pampu ya hewa ya betri, kwa siku umeme unapokatika.

Sasa hapa ndipo nilipoumia. Feni inakausha maji. Kwangu yanapungua kama lita 3 kwa siku. Nikawa najazia maji ya bahari, si yako bure? Lakini kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Siku kumi, lita 30, kila lita na gramu zake 35: niliongeza zaidi ya kilo moja ya chumvi bila kujua. Konokono ndio waliotangulia kudondoka kutoka kwenye kioo, mmoja mmoja, nikadhani wamelala. Nilipoazima rifraktomita ilisoma 1.032. Yaliyokauka yajaziwe maji baridi yasiyo na chumvi, kila siku, na chora mstari wa kalamu kwenye kioo ujue pa kufikia.

Hatua ya 5: Kuozesha kamba

Ndiyo, kamba. Mmoja mbichi, mweke tangini aoze. Anatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, wa pili wanaigeuza nitrati. Amonia na nitriti zinaua; nitrati inavumilika na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Inachukua wiki nne hadi sita. Mke wangu aliuliza nani kafia sebuleni. Pima kila baada ya siku tatu. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, badilisha robo ya maji, ndipo uweke samaki. Mmoja au wawili wadogo, kisha subiri wiki mbili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko Lindi mjini. Naweza kuchota hapo ghubani?*

Mto Lukuledi unamwaga humo, hasa masika maji yanakuwa na tope na chumvi pungufu. Toka nje zaidi kwa mtumbwi, na upime. Ikisoma chini ya 1.023, mwaga, rudi siku nyingine.

*Shikamoo kaka. Maji ya kujazia niyatoe kwenye bomba la kiyoyozi? Yanadondoka bure.*

Marahaba dada. Hapana. Yamepita kwenye shaba, na shaba inaua konokono, kaa na matumbawe hata ikiwa kidogo sana. Nunua maji yaliyochujwa.

*Mvuvi jirani ameniletea mtoto wa chewa na kangaja wawili, wazuri kweli. Niwaweke?*

Chewa atawala wenzake wote kisha akuangalie wewe. Kangaja anahitaji tangi kubwa mara mbili au tatu ya hilo. Tafuta wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mgongoni, wanaoishi kwenye anemoni, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua. Hata bila anemoni wanaishi vizuri.

*Wiki ya tatu, mchanga wote umekuwa wa kahawia. Nimwage nianze upya?*

Usimwage! Ni mwani mdogo wa mwanzo, unakuja na kuondoka wenyewe. Punguza saa za taa.

*Na matumbawe lini?*

Miezi sita, ukiwa na vibali na tangi halijayumba. Mimi nina mwaka wa pili na bado nina mawe na samaki tu.

*Mkuu, jana walikuwa wazima, leo asubuhi wote chali. Vipimo vyote viko sawa.*

Pole sana. Jana usiku ulipuliza dawa ya mbu chumbani?

*Ndiyo, lakini nilifunga mlango.*

Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba hichohicho na kuizamisha majini. Toa samaki haraka, badilisha nusu ya maji, kisha uje utuambie. Na chandarua kipo.