Kupanga Kiwango cha Kuingiza Sauti Unaporekodi Tamasha kwa Maikrofoni Ndogo

Mwongozo huu unamhusu mtu anayekwenda kwenye tamasha na kinasa sauti cha mkononi pamoja na jozi ya maikrofoni ndogo za kubana kwenye ukosi, iwe ni katika Jumba la Taifa la Maonyesho jijini Kampala, kwenye uwanja wa Lugogo, au katika sherehe ya kijijini Busoga. Ninachukulia kwamba umekwisha kupata ruhusa ya mwandaaji na ya wasanii, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 inawalinda waimbaji na wapiga ala, si watunzi peke yao.

Swali ambalo wengi huanza nalo ni kiwango kiwekwe kwenye namba ngapi. Namba hiyo hubadilika kutoka kinasa kimoja hadi kingine, na hata ukiipata haitakufaa kitu iwapo sauti imekwisha kuharibika kabla ya kufika inakopimwa.

Hatua ya 1: Fahamu mahali sauti inapopasukia

Sauti hupasuka, yaani vilele vyake hukatwa na kukwaruza kwa kuzidi nguvu, mahali patatu. Pa kwanza ni ndani ya maikrofoni yenyewe, ambamo transista ndogo inayotegemea umeme hafifu hulemewa na kishindo kikubwa. Pa pili ni kikuza sauti kilichomo ndani ya kinasa, nyuma ya tundu la maikrofoni. Pa tatu ni kigeuzi kinachobadilisha mawimbi kuwa tarakimu, ambacho mwisho wake ni desibeli sifuri na hakipokei chochote kinachozidi hapo. Mita unayoiona kwenye kioo hupima mahali pa tatu tu. Kwa hiyo inawezekana kabisa mita ikasoma desibeli 10 chini ya sifuri, nawe ukatulia, ilhali besi imekwisha kupasuka mahali pa kwanza au pa pili. Kushusha kiwango katika hali hiyo hukupatia sauti iliyopasuka yenye kusikika kwa upole zaidi.

Hatua ya 2: Ipe maikrofoni umeme wa kutosha

Maikrofoni hizi ndogo kwa kawaida ni za aina ya elektreti, na vinasa vingi vya mkononi huzilisha volti 2 au 3 hivi kupitia tundu la maikrofoni. Umeme huo unatosha kwa mahojiano, mhadhara, au mzee anayepiga akogo, ala ndogo ya vidole gumba, barazani kwake. Mbele ya spika za bendi hautoshi. Dawa yake ni kisanduku kidogo cha betri ya volti 9 kinachokaa kati ya maikrofoni na kinasa, kwa sababu volti zikiongezeka, transista hupata nafasi ya kustahimili kishindo kikubwa zaidi. Weka betri mpya kabla ya kila tamasha. Ukitumia kisanduku hiki, zima umeme unaotolewa na kinasa.

Hatua ya 3: Chagua tundu linalofaa

Tundu la maikrofoni lina kikuza sauti chenye nguvu nyingi. Tundu la laini (line in), lililokusudiwa sauti iliyokwisha kukuzwa, lina kikuza kidogo au halina kabisa, na pia halitoi umeme, kwa hiyo bila kisanduku cha betri maikrofoni itanyamaza. Kwa muziki wa spika kubwa, mimi hutumia tundu la laini karibu kila mara. Kwa adungu (kinubi), kwaya isiyo na vipaza sauti, au mwimbaji mmoja na gitaa lake, ninarudi kwenye tundu la maikrofoni. Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa katika tundu la maikrofoni unalazimika kushusha kiwango hadi karibu na mwisho wa chini ili mita isiguse sifuri, kikuza kimekwisha kulemewa, na unapaswa kuhamia tundu la laini. Kama kinasa chako hakina tundu hilo, tafuta kwenye menyu swichi ya usikivu na uiweke chini.

Hatua ya 4: Maliza mipangilio ukiwa nyumbani

Zima urekebishaji wa kiwango unaojiendesha, kwa kuwa huo hupandisha kelele za watu kila wimbo unapotulia na kuudidimiza muziki kila ngoma inapolia. Zima pia limita, inayobana vilele vya ghafla. Chagua faili za WAV za biti 24 kwa kilohezi 48, ambazo huchukua takriban gigabaiti 1 kwa saa. Vinasa vipya vya biti 32 za nukta inayoelea (32-bit float) humwondolea mtu hofu ya mahali pa tatu, lakini havimsaidii chochote maikrofoni yenyewe ikilemewa. Ukitaka jaribio la bure, simama na vifaa vyako nje ya duka la katikati ya Kampala lililoweka spika mlangoni, kisha usikilize ulichorekodi.

Hatua ya 5: Panga kiwango ukumbini

Simama pale utakaposimama hadi mwisho. Washa kinasa kabla onyesho halijaanza, na utazame alama ya kilele inayobaki juu kwa sekunde kadhaa badala ya mstari unaochezacheza. Jambo hili lina uzito mkubwa katika muziki wa kwetu. Engalabi, ngoma ndefu, hupigwa kwa viganja na sauti yake huruka ghafla na kutoweka. Embaire, marimba yale makubwa ya Wasoga yanayopigwa na watu kadhaa juu ya shimo, hutoa mgongano wa mti kwa mti ambao ni mkali kuliko sikio linavyodhani. Wastani wa mita unaweza kuonekana wa chini ilhali vilele viko karibu kabisa na sifuri.

Katika wimbo wa kwanza, lenga vilele vya desibeli 15 hadi 18 chini ya sifuri. Utaona ni chini mno, lakini wasanii chipukizi wanaofungua tamasha kwa kawaida hupewa sauti ndogo, na fundi mitambo huipandisha anapoingia yule aliyejaza uwanja. Hapo ndipo vilele vitafika kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, na hapo ndipo panapofaa. Hesabu pia vigelegele: mama mmoja aliye umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ukosi wako anaweza kuishinda bendi nzima. Biti 24 zina masafa ya desibeli 144 kwa nadharia, hivyo desibeli 10 unazoziacha wazi hazikugharimu kitu, kwa maana kelele za ukumbi ziko juu sana kuliko kelele za kinasa.

Uwanjani, funika maikrofoni kwa sifongo na uwashe kichujio cha kupunguza besi. Upepo unaweza kupeleka mita hadi sifuri hata kabla chombo hakijapigwa.

Hatua ya 6: Funga vitufe

Ukilazimika kubadilisha kiwango, subiri wimbo uishe, ubadilishe mara moja, kisha ufunge vitufe.

Hatua ya 7: Kagua faili

Fungua rekodi katika Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, na ukuze sehemu yenye kishindo kikubwa. Vilele vilivyokatwa bapa kwenye mstari wa juu kabisa maana yake ni kigeuzi kilichofikia mwisho, na wakati ujao utashusha kiwango. Vilele vilivyokatwa bapa chini ya mstari huo maana yake ni kikuza au maikrofoni, na utarudi kwenye hatua ya 2 na ya 3. Vikiwa vya mviringo, pandisha sauti ya nakala hadi kilele kikaribie desibeli 1 chini ya sifuri, na uiache faili ya asili kama ilivyo.